Mwenyekiti wa Miaka Minne na Migebuka ya Mke Wangu

Nimefukuzwa kazi mara moja tu katika maisha yangu.

Na aliyenifukuza alikuwa hajui kufunga kamba za viatu.

Anaitwa Naima. Ana miaka minne. Siku hiyo alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kavaa miwani ya waya isiyo na vioo, na mbele yake watoto wenzake wamekaa juu ya matofali kama wajumbe. Mimi nilikuwa napita zangu na maji ya kunawa mikono.

"Babu Greda," akaniita.

"Naam, mheshimiwa mwenyekiti."

"Wewe tumeshakutoa."

"Mmenitoa wapi?"

"Hapa. Kikao kimeamua. Usilie."

Wajumbe wakapiga makofi. Mmoja alikuwa anakula udongo, lakini naye akaacha kwanza, akapiga.

Nilicheka mpaka nikamwaga maji. Nikaenda mbio kumsimulia Hamida, bibi yake Naima, nikijua atakufa kwa kicheko.

Hamida hakucheka.

Akaniangalia, akaangalia chini, akaniuliza swali ambalo mpaka leo likinijia nasisimka.

"Mzee, jana kwako ulikula nini?"

Haya. Kaeni kwa kutulia. Na wale mliozoea kwamba mtu wa Sumbawanga akisimulia jambo lazima kuna ungo na radi ndani yake, leo hakuna ungo. Radi ipo. Ilinipiga mimi, mchana kweupe, hakuna hata wingu.

Mimi ni mstaafu. Jina langu ni Adolfu, ila jina hilo analitumia padri peke yake. Mjini hapa mimi ni Babu Greda, kwa sababu nimeendesha greda la kuchonga barabara tangu ujana mpaka mgongo ulipogoma. Shule sikukaa sana. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwenye vibao vya barabarani na magazeti yaliyofungia maandazi. Mpaka leo nikipewa karatasi isiyo na doa la mafuta naitilia shaka.

Ukistaafu, simu inanyamaza.

Ulikuwa mtu ukipita na greda lako watoto wa kijiji kizima wanakimbia kando ya barabara wanapunga mikono. Ghafla unakaa barazani unaangalia bodaboda zinavyokwenda Mazwi na kurudi. Mke wangu Sophia alinivumilia, mwisho akachoka.

"Baba Margareth," akaniambia, "unanizibia mlango."

Margareth ni binti yetu. Kaolewa mbali. Ndiyo maana nyumba ilikuwa kimya vile.

Basi nikaenda kwa Hamida, mtaa wa Malangali, kumfungia bembea ya tairi.

Sikurudi.

Hamida na mwenzake Cornelia walikuwa wanalea watoto wa kina mama wanaokwenda sokoni na mashambani. Asubuhi wanaletwa, jioni wanachukuliwa. Hamida ni wa familia ya duka, mumewe ana malori, na yeye mwenyewe anaongea kama anayeagiza mzigo. Cornelia ni mkulima wa mahindi na ulezi. Anacheka kwa mabega, na akikasirika anahamia Kifipa bila kuaga.

Mimi nikawa wa tatu. Nilichota maji, nikachonga vigari, nikafunga bembea. Lakini kazi yangu kubwa, ambayo hao wanawake wawili iliwashinda, ilikuwa kuwalaza watoto mchana.

Niliwalaza kwa hadithi za greda.

Niliwaambia jinsi nilivyokuwa nachonga barabara ya kushuka bonde la Ziwa Rukwa, nikakuta chatu amelala njiani, mimi nikajua ni tuta, nikamsawazisha. Akaamka amenyooka kama rula. Tangu siku hiyo hawezi kujikunja, na akitaka kupinda kona lazima apige honi.

Watoto hawakuwahi kufika kwenye honi. Walikuwa wameshalala.

Nawaambieni ukweli wa moyo wangu. Mtoto wa watu akisinzia huku kashika kidole chako, hukumbuki tena kwamba simu haijalia.

Hicho ndicho kilichokuja kuchukuliwa.

Kikaja kitabu.

Alikileta afisa kijana wa ustawi wa jamii, anaitwa Timoth, mwenye adabu zake, shikamoo haikauki mdomoni. Kitabu kinaitwa Mwongozo. Kinaeleza namna mtoto mdogo anavyojifunza kabla ya kuanza shule. Kila anayelea watoto wa watu afuate hicho.

Cornelia akafungua katikati, akasoma. "Viashiria vya umahiri katika ujifunzaji jumuishi." Akakifunga polepole kama mtu aliyefungua mlango akakuta mtu anaoga.

"Hamida, hiki ni Kiswahili?"

"Ni Kiswahili cha ofisini."

"Wakiwa nyumbani nao wanaongea hivi?"

Wakanikabidhi mimi. Nina miwani, nina muda, na nina mdomo.

Ikawa kila jioni nakisoma nyumbani kwa sauti, Sophia anachambua maharage pembeni. Nilidhani hasikilizi. Asubuhi napeleka maana kwa wenzangu.

Mwongozo ulisema tuwe na kona za kujifunzia. Kona ya ujenzi, kona ya vitabu, kona ya igizo. Shida ni kwamba ua wa Hamida ni wa michongoma, na umezunguka duara kama chungu.

"Kona tutazitoa wapi?" akauliza Cornelia.

Tukapanga matofali mpaka duara likapata kona. Kazi ya kutoa jasho. Hamida akasema sasa hata mwanga unaingia kitaalamu.

Mwongozo ukasema mtoto akilia, mlezi ainame mpaka usawa wa macho yake, ataje hisia zake. Cornelia akapiga magoti mbele ya Azizi, magoti yakalia kama kuni.

"Azizi, naona umekasirika."

"Sijakasirika," akasema Azizi. "Umenikanyaga."

Tulikuwa tunakwenda vizuri, nawaambia. Mpaka tukafika pale palipoandikwa kwamba mchezo uongozwe na mtoto.

Tulibishana nusu siku.

"Mtoto aongoze vipi na pua haijafutwa?" akauliza Hamida.

Nikavua miwani, maana kuna mambo yanasemwa vizuri ukiwa umevua miwani. "Jamani. Imeandikwa aongoze. Kuongoza ni uongozi. Na uongozi unapatikanaje?"

"Kwa kuchaguliwa," akasema Cornelia. "Hata kikundi chetu cha kupalilia kina mwenyekiti."

"Na katibu," akaongeza Hamida.

"Basi."

Tukaitisha uchaguzi. Watoto wakajipanga nyuma ya wanaowataka. Naima akashinda kwa kishindo, maana alikuwa na biskuti. Azizi akawa makamu. Mla udongo akapata ujumbe.

Sasa wakawa wana viongozi, na viongozi wakataka kazi. Na kazi ya kiongozi waliyokuwa wameiona ni moja tu. Sisi walezi kila Ijumaa tulikaa upenuni tukafanya kikao, nao wakicheza palepale miguuni petu.

Kwa hiyo kwingine watoto wanacheza mama na baba. Kwetu walicheza kikao. Wana kufungua, wana ajenda, wana mengineyo. Siku moja Sharon, mjukuu wa Cornelia, alitoa udhuru kwamba anauguza nguruwe.

Mimi mpaka kesho nasema ile haikuwa tafsiri mbaya.

Timoth akaja kukagua. Akasimama mlangoni, akakuta mwenyekiti anamnyamazisha mjumbe.

"Hii ni nini?"

"Mchezo unaongozwa na mtoto," nikasema kwa fahari.

"Nani aliwatafsiria?"

Hamida akaangalia michongoma. Cornelia akaangalia angani. Mimi peke yangu nikawa namwangalia afisa.

"Mzee wangu," akasema kwa upole, "maana yake mtoto achague anachotaka kucheza. Basi."

"Sasa si waandike hivyo?"

Akatabasamu. Akamwita Hamida pembeni, wakaongea muda mrefu karibu na mlango. Nikaona Hamida anageuka kunitazama, kisha anainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimekumbatia tairi la bembea. Nikampungia mkono kama mjinga.

Kesho yake wakaniomba niende mashambani kutafuta magunzi ya mahindi ya kuchezea watoto.

"Mengi," akasema Cornelia. "Usiharakishe, mzee."

Nikafurahi kutumwa.

Baada ya hapo Sophia akaniambia dada yake wa Namanyere anaumwa, anakwenda kumwuguza. Nikamsindikiza mpaka stendi. Nikampa na shuka zito, maana huku kwetu baridi yake haina utani. Jumapili nikawasha mshumaa kanisani, nikamwombea shemeji yangu kwa jina.

Akarudi amenawiri. Kwa mtu aliyekuwa anauguza, alinawiri kupita kiasi.

Halafu ikaanza migebuka.

Wa pwani mna samaki wenu, sigombani nanyi. Ila mgebuka wa Ziwa Tanganyika, amekaushwa vizuri, akaungwa na karanga, pembeni ugali wa ulezi mweusi kama lami mpya, huo ndio udhaifu wangu. Sophia anaujua. Kwa kawaida napikiwa kwa nadra, kama sikukuu.

Wiki ile nilikula migebuka kuliko mvuvi wa Kasanga.

Leo migebuka. Kesho migebuka. Nikajitazama kwenye kioo, nikasema labda nimependeza.

Na kila nikimaliza, Sophia anakaa mbele yangu. Ana mtindo wake tangu nimuoe. Akiwa na jambo zito anafungua kitenge kiunoni, anakikung'uta kama kina makapi, anakifunga upya, ndipo anasema. Wiki ile kila siku alikung'uta.

"Baba Margareth..."

"Naam, mama."

"Chumvi ilitosha?"

"Ilitosha."

Anabeba sahani, anaondoka.

Sasa mnaweza kurudi pale nilipowaacha. Naima kanifukuza, mimi nimecheka, na Hamida ananiuliza jana nilikula nini.

"Migebuka," nikamjibu.

"Ukashiba?"

"Nikashiba sana."

"Halafu?"

"Halafu nikalala."

Hamida akashika kichwa. Akaenda kumnong'oneza Cornelia. Cornelia akaja mbio, anafuta mikono.

"Mzee, eti jana ulikula migebuka?"

"Ndiyo, kwani ina sumu?"

"Na juzi?"

"Na juzi."

Akasema kitu kirefu kwa Kifipa, si kwangu wala kwa Hamida, kama anamlalamikia Mungu moja kwa moja.

Hapo kicheko kikaniishia chote.

Nikaanza kukumbuka. Yale mazungumzo ya mlangoni. Yale magunzi ya usiharakishe. Na yule mtoto, alisemaje vile? Kikao kimeamua. Mtoto wa miaka minne hatungi kitu kama hicho. Anakuwa amekisikia.

Nikajua nimezungukwa. Na kwa kuwa aliyesema ni Naima, nikajua wa kunizunguka ni bibi yake. Hamida. Nimemfungia bembea, nimempangia kona, ananichomea utambi mgongoni!

Ningeweza kumvaa palepale. Lakini Mwongozo, jamani, nilikuwa nimeusoma. Unasema mlezi autazame mchezo wa mtoto kwa utulivu, asiuingilie, maana mchezo unaonyesha mtoto anachobeba moyoni.

Nikasema ngoja nione wamebeba nini.

Kesho yake, baada ya uji, nikajilaza kwenye mkeka karibu na kona ya igizo. Nikajifunika kofia usoni. Nikakoroma kidogo ili waamini.

Haikuchukua muda. Mwenyekiti akapiga kopo kwa kijiti.

Naima akapiga paja kama anavyopiga Hamida. "Jamani, afisa kasema wenye mafunzo ndio wabaki. La sivyo wanafunga kituo."

Sharon akawa Cornelia. Akatikisa mabega, kisha akashusha uso. "Mimi namwonea huruma mzee."

"Hata mimi namwonea huruma," akasema Naima. "Nani atamwambia?"



Mimi chini ya kofia nikajua sasa linakuja. Kumbe hawa wawili walinionea huruma. Basi kuna wa tatu.

Nikainua ukingo wa kofia.

Azizi alikuwa amesimama katikati. Amejifunga kipande cha kitambaa kiunoni. Hakusema neno. Kwanza alikifungua. Akakikung'uta. Akakifunga upya.

Washikaji, mimi nimeshawahi kuona greda linaserereka kinyumenyume kwenye mteremko, halina dereva. Moyo wangu ulikwenda hivyohivyo.

"Baba Margareth niachieni mimi," akasema Azizi kwa sauti nyembamba. "Yule ni mtoto mkubwa. Nikimpikia migebuka akashiba, namwambia taratibu."

"Na nafasi yake atakaa nani?" akauliza mwenyekiti.

"Mimi. Si ndiyo maana naenda Namanyere?"

Wakapiga makofi. Mla udongo naye.

Kumbe kikao kilikaa siku ile ya magunzi. Watu wazima wakihofia kusikiwa wanafunga milango, wanatuma mzee mashambani. Watoto wanawaacha palepale miguuni. Nani anamficha mtoto maneno?

Nikaamka. Sikumuaga mtu. Nilitembea mpaka nyumbani na kofia ikiwa mkononi, na jua linaniwakia kichwani silioni.

Kabla sijafika mlangoni nikasikia harufu.

Sophia alikuwa ameinamia jiko.

"Mbona mapema leo? Kaa, chakula tayari."

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Sema kwanza, nitakula baadaye."

Mwiko ukaanguka.

"Nani kakuambia?"

"Mwenyekiti."

"Hamida?"

"Naima."

Akakaa kwenye kigoda. Akaanza kushika kitenge chake.

"Na hicho kitenge kiache!" nikapaza sauti. "Kimeshanieleza kila kitu!"

Sasa sikilizeni alichofanya. Aliinuka, akaja nilipokaa, akapiga magoti, akainama mpaka macho yake na yangu yakawa sawa. Akaweka mkono gotini kwangu.

"Naona umekasirika."

"Sophia! Ukurasa huo nimekusomea mimi!"

"Ndiyo maana naujua."

Nusura nicheke, Mungu ananiona. Nikaukaza uso.

"Dada yako je?"

"Mzima."

"Hakuumwa?"

"Hata mafua."

"Nimemwashia mshumaa!"

"Alinipigia akasema anajisikia vizuri sana wiki ile."

Ndipo akanieleza. Timoth alitaka kila mlezi awe amepata mafunzo, na kupokewa kwenye mafunzo ni lazima uwe na cheti cha shule, walau darasa la saba. Mimi sina cha darasa lolote. Hamida na Cornelia wanavyo, zamu yao inafuata. Nafasi yangu wakamwomba yeye, ndiyo safari ile ya Namanyere.

"Ningekataa, wangeweka mtu wa kando," akasema. "Nikaona bora ibaki nyumbani."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaokota mwiko. Mafuta yakawa yanalia jikoni.

"Kila siku nilijiandaa. Unarudi jioni una vumbi la watoto magotini, unanisimulia nani kalala wa kwanza, nani kang'ang'ania kidole. Nikikutazama, maneno yanarudi tumboni. Nikasema kesho."

"Na migebuka kesho."

"Na migebuka kesho."

Mimi nilifikiri nitakasirika kwa sababu ya kazi. Kumbe kazi haikuwa hata robo. Kilichonichoma ni kwamba wote walijua. Hamida alijua. Cornelia alijua. Shemeji yangu mzima wa afya alijua. Hata mla udongo alijua na akapiga makofi. Mimi peke yangu niliyekuwa natafuta magunzi kwa uaminifu, nachagua yaliyonyooka.

Samaki yule aliliwa na paka.

Nikarudi barazani kwangu kutazama bodaboda.

Asubuhi Sophia anatoka, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Anasema, "Shinda salama, Baba Margareth." Mimi najibu kwa kikohozi. Sijui kama mnaelewa kumtazama mkeo anaondoka kwenda mahali ambapo watoto walikuwa wanakulilia wewe.

Timoth akaja nyumbani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kumchukua na paka?"

Akacheka, mimi sikucheka. Akasema hawajanitupa, nimo kwenye mpango wa kituo. Akafungua karatasi zake, akanisomea sehemu yenyewe. Vifaa vya kujifunzia vinavyopatikana katika mazingira: vizibo vya soda, magunzi, mzee wa kusimulia hadithi, mchanga.

"Rudia hapo katikati."

Akarudia.

"Yaani mimi nipo kati ya magunzi na mchanga."

"Ni lugha tu, mzee."

"Nimeshaiona lugha yenu."

Nikamsindikiza mpaka njiani.

Baadaye nikakumbuka kwamba kigoda changu kimebaki kule. Nilikichonga mwenyewe. Nikasema hicho hawatakiingiza kwenye vifaa vya mazingira. Nikaenda kukichukua, saa ambayo najua watoto wamelala, ili nisionane na mtu.

Hakuna aliyelala.

Cornelia ana mtoto mgongoni na mwingine begani. Hamida anapepea kwa kofia. Sophia amekaa katikati ya mkeka, sauti imemkauka, anawasomea habari za sungura anayenawa mikono kabla ya kula. Macho ya watoto mekundu kama nyanya, na bado yametoka.

Na kwenye kona ya igizo, kikao kinaendelea.

Azizi alikuwa amekalia kigoda changu. Mashavu kayajaza upepo, mikono kakunja.

"Mimi Babu Greda," akasema. "Simsemeshi mtu."

Naima akajifunga kitambaa. Akakikung'uta. Akapiga magoti mbele yake, akamletea jani la mhindi juu ya kifuniko. "Kula migebuka."

"Sema kwanza!" akafoka Azizi. "Nitakula baadaye!"

Jamani!

Yaani hata ugomvi wa jikoni kwangu umefikishwa kikaoni! Nikamtazama Sophia. Sophia akainamia sungura wake.

Nilishanyoosha mkono kuondoka na kigoda, mtoto akianguka aanguke. Ndipo Sharon akainuka upande wa wajumbe, akatikisa mabega kama bibi yake.

"Jamani, tangu mzee aondoke watoto hawalali. Tumwombe radhi au tusimwombe?"

"Tumwombe," akasema Naima.

"Nani atakwenda?"

Wakatazamana.

Hakuna aliyejitolea. Palepale nikajua hicho nacho ni kikao cha kweli, kimekaa Ijumaa, na kimeishia hapohapo. Watu wazima watatu, mafunzo ya Namanyere vichwani, hakuna hata mmoja mwenye ubavu wa kuja kwangu kusema samahani. Labda walikuwa wanasubiri migebuka mingine ikauke.

Nikamwondoa Azizi kwenye kigoda. Nikakaa.

"Hivi chatu yule niliwaambia aliamkaje?"

Wakaja wote, na mwenyekiti kaacha ndoo yake. Mmoja akashika kidole changu. Nikaanza kushuka bonde la Rukwa taratibu, gia ndogo, vumbi jepesi. Kabla chatu hajanyooka walikuwa wamekwisha. Mla udongo alilala na mdomo wazi, nikamfuta.

Kukawa kimya.

Sophia akaniangalia. Sikumwangalia. Nilikuwa naangalia magunzi, yamepangwa vizuri kwenye kona yao, yote yamenyooka.

Sasa nakwenda kila mchana. Kwenye karatasi bado mimi ni kifaa. Watoto hawajasoma karatasi.

Ila sijamsamehe mtu. Hamida na Cornelia nimewaambia usoni. Sophia nimemwambia, na namwambia tena hapa, maana najua husoma ninayoandika halafu anajifanya hajui.

Ninachotaka mwondoke nacho ni hiki. Ukishaamua jambo juu ya mtu, mwite kikaoni. Akae kwenye kiti, asikie kwa masikio yake, apige kelele kama ni za kupigwa, akimaliza aende zake. Huruma ya kumficha haimpunguzii kitu. Inamwongezea tu siku za kuwa mjinga peke yake. Na kama huna ubavu wa kusema, basi chunga miguuni pako kuna nani, maana maneno yale yale yatamfikia, na yatatoka kwenye mdomo wenye meno ya maziwa.

Nilitaka kuishia hapo.

Lakini wakati naandika mstari huo, kuna harufu imeanza kutoka jikoni.

Karanga.

Na sasa hivi, nyuma ya pazia, nimesikia kitenge kinakung'utwa.